Kilele cha Tisa

Nchi yao ilikuwa na mikoa tisa, na kila mkoa ulikuwa na mahali pake palipo juu kuliko pote. Pengine ni mlima wa kweli, wenye majabali na upepo wa kukata masikio; pengine ni kilima tu ambacho mbuzi hukipanda bila kuhema. Mwalimu, aliyefundisha jiografia kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa ameviorodhesha vilele vyote tisa kwenye karatasi na kuibandika ukutani sebuleni kwake, na katika miaka mitatu ya mapenzi yake na Fundi walikuwa wameshavikanyaga sita. Vilibaki vitatu, vyote upande mmoja wa nchi, ambavyo mtu mwenye gari na magoti mazima angeweza kuvimaliza kwa siku nne. Siku hizo nne zilipatikana mwanzoni mwa majira ya machipuko, Ijumaa hadi Jumatatu, shule zimefungwa na kliniki imefungwa, baridi imeanza kulegeza na miti imeanza kutoa majani madogo kama kucha za mtoto.

Fundi alizingoja siku hizo kuliko alivyowahi kungoja kitu maishani, maana alikuwa na neno la kusema.

Hakuwa fundi wa nguo wala wa magari. Alitengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba chenye meza ndefu, taa ya kuinamisha, jiko dogo la kuyeyushia nta, na rafu zilizojaa kalibu za plasta zenye namba za penseli, vinywa mia na ushei vya watu ambao hakuwahi kuwaona nyuso. Uso mmoja aliuona. Mwalimu alikuwa ameteleza mlimani na kuvunja jino la mbele, na daktari akamtuma chumba cha nyuma ili Fundi amlinganishie rangi. Alimsimamisha dirishani akamwambia atabasamu. Yule mwanamume mzima, mwenye mvi mbili tatu kidevuni, akatabasamu kwa haya na pengo lake, na kazi ya dakika mbili ikachukua nusu saa. Tangu siku ile hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Yeye alikuwa Fundi, naye alikuwa Mwalimu.

Mwanzoni mwa msimu wa baridi uliopita, wakiwa wanaosha vyombo, Mwalimu alimwomba wafunge ndoa. Hakupiga magoti, hakuwa na pete. Alikuwa na kitambaa cha kufutia sahani mkononi. Fundi alitaka kukubali pale pale, lakini alimkumbuka dada yake, akasema kwa utani kwamba atamjibu kwenye kilele cha tisa. Mwalimu akacheka, akasema basi ataanza mazoezi.

Dada yake alikuwa mkunga, mkubwa kwake kwa miaka tisa, na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alijua kwamba mke wa Mwalimu aliondoka miaka minane nyuma, akamfuata mwanamume mwingine mji wa mbali, akaacha binti wa miaka kumi na minne na baba yake. Alijua pia kwamba talaka ilipita mahakamani na karatasi zipo. Hayo hayakumtuliza.

"Mwanamume ambaye mke wake yu hai ni nyumba yenye milango miwili, mdogo wangu," alimwambia. "Unafunga huu, mtu anaingia kwa ule."

"Aliondoka mwenyewe, dada. Kwa hiari yake."

"Aliyeondoka kwa miguu yake anaijua njia ya kurudi." Kisha dada yake akashusha sauti, kama afanyavyo mkunga mwenye habari nzito. "Miaka saba ulimpa mama. Usiitoe iliyobaki kwa majaribio."

Hilo ndilo lilikuwa jeraha la nyumba yao. Mama yao alipopigwa na kiharusi, dada alikuwa tayari na mume na watoto wadogo wawili, kwa hiyo Fundi, akiwa na miaka ishirini, mwaka mmoja tu wa masomo ukiwa umebaki, alikiacha chuo akarudi nyumbani. Alidhani ni kwa muhula mmoja. Alimgeuza mama yake kitandani, alimlisha kwa kijiko, alifua mashuka kila asubuhi kwa miaka saba, na alipotoka katika kile chumba wenzake walikuwa na kazi, wana waume, wana watoto wanaokwenda shule. Dada yake hakuwahi kulisahau hilo, na kila mwanamume aliyemkaribia Fundi alipimwa kwa mizani ile. Ilimchukua Fundi msimu mzima wa baridi kumlainisha. Wiki moja kabla ya safari, dada alisalimu amri, akasema kama ni kuolewa na aolewe, lakini yeye atavaa nguo nyeusi harusini. Fundi alijua huo ni utani, na utani kwa dada yake ni ruhusa.

Basi jibu lilikuwa ndiyo. Alilibeba kifuani kama mtu abebaye yai.

Ijumaa walipanda kile cha kwanza kati ya vile vitatu, mlima mpana usio na makuu, njia yake inapita kwenye msitu uliojaa maua madogo ya njano. Mwalimu ambaye Fundi alimzoea asingefumba mdomo mahali kama pale. Angemweleza miamba ile iliumbwa na nini, maji yale yanaelekea wapi, kwa nini upande huu wa bonde una miti na ule hauna. Siku ile alikuwa kimya. Alimfungia kamba za viatu bila kuombwa, alimbebea chupa ya chai, alimngoja kila penye mwinuko, lakini macho yake yalikuwa yakimtazama kisha yanakimbia. Juu kileleni alisaini daftari la wapandaji, akaandika tarehe na herufi zao mbili, akakaa akitazama mbali. Fundi alimuuliza kama anaumwa. Alisema ni uchovu wa mitihani, amesahihisha karatasi mia mbili. Fundi alimwamini, kwa sababu mtu mwenye furaha huamini upesi.

Jumamosi ndiyo siku mambo yalipoharibika.

Kilele cha nane kilikuwa kirefu zaidi, chenye mabaka ya theluji yaliyosahauliwa na jua kwenye vivuli vya mawe. Bonde lote lile halikuwa na mtandao wa simu. Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, alikuwa amewaambia kwamba anayetaka kuongea na watu wake lazima apande mlima kwanza. Walipofika juu, upepo ulikuwa mkali na anga ni safi. Mwalimu alisimama kando ya rundo la mawe linaloonyesha kilele, akampa Fundi simu yake ampige picha.

Fundi aliiinua simu, na simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake. Mtandao ulikuwa umeipata, na jumbe za siku mbili zikawa zinashuka moja juu ya nyingine. Hakukusudia kusoma. Ujumbe ulijifungua wenyewe juu ya uso wa Mwalimu kwenye kioo, na jina la aliyetuma lilikuwa la binti yake.

"Baba, mama ameruhusiwa kutoka hospitali, tumefika nyumbani. Nimempa chumba chako kama ulivyosema. Analia, anauliza kama kweli umekubali arudi. Nimemwambia baba akisema amesema. Umeshamwambia Fundi?"

Aliusoma mara moja tu. Ukafifia, na nyuma yake akabaki Mwalimu, amesimama kando ya mawe, upepo unamvuruga nywele, anamngoja.

"Tabasamu," Fundi akamwambia.

Ndilo neno alilomwambia siku ile dirishani kliniki. Mwalimu akatabasamu, na lile jino lililotoka kwenye mikono ya Fundi mwenyewe likang'aa kwenye jua. Fundi akapiga picha mbili, akamrudishia simu, akasema anasikia baridi, washuke. Miguu yake ilishuka ule mlima wote na yeye hakuiona ilipokanyaga. Nyuma yake alisikia Mwalimu amesimama, bila shaka anasoma, kisha anaharakisha kumfikia. Alipomfikia hakusema kitu. Na Fundi, ambaye angeweza kugeuka na kuuliza, hakuuliza. Alitaka aambiwe. Aliona kwamba mwanamke aliyependwa miaka mitatu anastahili walau kuambiwa.

Jumapili ilinyesha mvua kutwa, wakafungiwa katika nyumba ya wageni. Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, na dirisha linalotazama zizi la kondoo. Mwalimu aliketi karibu na dirisha akishona mkanda wa begi la Fundi uliokuwa umefumuka. Alishona vizuri sana, kwa mishono midogo midogo iliyobanana, kama anatengeneza kitu cha kudumu miaka hamsini. Fundi aliketi kitandani na kitabu ambacho hakukigeuza ukurasa, akamtazama mikono, kisogo, shingo iliyoungua kidogo na jua la juzi. Alikuwa akimtazama kama mtu atazamaye nyumba aliyoambiwa ahame.

Mara tatu alimfungulia mlango. Asubuhi alimuuliza kama kuna habari za nyumbani, akajibiwa ni njema. Mchana alimuuliza binti hajambo, akajibiwa hajambo, masomo ndiyo yanambana. Jioni, mvua ilipopungua, aliamua kumsukuma kidogo.

"Mwalimu, una neno la kuniambia?"

Alikata uzi kwa meno.

"Sina," akasema. "Kesho tukijaliwa anga, tutapanda mapema."

Mama mwenye nyumba aliwaletea supu ya moto na mkate, akawatania kwamba mume na mke wasiogombana siku ya mvua ni wa kuwekwa kwenye fremu. Mwalimu aliinamisha kichwa kwenye bakuli. Fundi ndiye aliyecheka, kwa adabu.

Jumatatu anga ilifunguka. Waliondoka jua linachomoza, mawe yote yamelowa, kila kijibonde kina maji yanayokimbia. Kilele cha tisa ndicho kirefu kuliko vyote vya nchi, na hakuna mtu anayekifikia akiwa na pumzi ya kusema uongo mrefu. Walipanda kwa saa nne, mmoja nyuma ya mwingine, wakasimama mara mbili kunywa chai. Walipokanyaga juu hawakumkuta mtu. Palikuwa na nguzo fupi ya zege ya wapima ardhi, na pande zote milima mingine imelala chini yao hadi macho yanapochoka.

Mwalimu alivua kofia. Hakushangilia. Aliketi kwenye jiwe, viganja vyake juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Fundi, nina jambo."

"Najua."

"Hulijui hili."

"Jumamosi simu yako ilikuwa mkononi mwangu," Fundi akasema. "Siku mbili nakungoja useme."

Rangi ilimtoka usoni. Kisha akayasema yote, kwa pupa, kama mtu atapikaye. Yule mwanamume aliyefuatwa na mke wake wa zamani alikuwa amemkimbia mwanamke huyo mara tu ugonjwa wake ulipojulikana. Ni saratani ya damu. Madaktari walikuwa wamesema inatibika kwa kiasi. Akipata dawa na mtu wa kumwangalia anaweza kuishi mwaka, anaweza kuishi kumi, hawajui. Binti alimkuta katika wodi ya hospitali, peke yake, hana hata mtu wa kumletea maji, akaanza kwenda kila wikendi, kisha kila baada ya siku mbili. Wiki tatu zilizopita alimletea baba yake barua aisome. Ilikuwa barua ya kwenda chuoni, kuomba kuacha masomo, muhula mmoja kabla ya kumaliza, ili amuuguze mama yake. Na bibi yake, yaani mama yake Mwalimu, alikuwa amepiga simu akisema mama wa mtoto hatupwi kama ganda, na kama Mwalimu hatamchukua, yeye na uzee wake atakwenda kumchukua.

"Nikaichana ile barua," Mwalimu akasema. "Nikamwambia binti yangu arudi darasani, mama yake nitamwangalia mimi. Sikufikiri. Neno lilitoka, na likishatoka sikuweza kulirudisha."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu. Kila siku nilisema nitakuambia kesho. Nikasema angalau tumalize vilele. Angalau uwe na hivi tisa. Nilikuwa mwoga, Fundi, sina jina jingine."

Fundi alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo. Zege lilikuwa baridi hadi kwenye mfupa.

"Unampenda?"

Hakujibu haraka, na Fundi alimshukuru kwa hilo.

"Hapana. Nilikwisha kuacha kumpenda kabla hajaondoka. Pengine ndiyo sababu aliondoka. Ninayempenda anajulikana. Lakini nikimwacha afe peke yake, binti yangu atanitazama kila siku ya maisha yangu, na nitajua anachokiona."

Upepo ulipita. Chini kabisa bondeni kengele ya kondoo ilisikika, ndogo, kama kijiko kwenye kikombe.

"Nisubiri," Mwalimu akasema. "Sina haki ya kuomba, lakini naomba. Nisubiri tu."

"Nisubiri hadi lini?"

"Mpaka..." Akakwama.

"Malizia, Mwalimu."

"Siwezi."

"Basi nitakumalizia mimi. Mpaka afe." Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza Mwalimu kuliko kelele. "Kila nitakapokuuliza mgonjwa anaendeleaje, nitakuwa nauliza siku zangu. Ukiniambia leo amekula vizuri, nitasema tushukuru, na moyoni nitakuwa nimesononeka. Nitangojea kaburi la mwanamke mwenzangu ili nipate kitanda. Mimi siwezi kuwa mtu huyo. Hata kwa ajili yako."

Mwalimu aliinuka. Alimjia, akamshika mabega yote mawili, na macho yake, yale yaliyokuwa yanakimbia siku tatu, sasa yaligandama usoni mwake.

"Basi niambie nisifanye hivyo. Sema neno moja tu. Tukishuka hapa nitampigia binti yangu nimwambie nimeshindwa. Tutatafuta muuguzi, tutatafuta nyumba ya kulelea wagonjwa, tutatafuta chochote. Sema nibaki na wewe, na nitabaki."

Alikuwa anasema kweli. Fundi aliliona hilo, kama alionavyo rangi ya jino kwenye mwanga wa dirisha, bila kubahatisha. Neno moja. Alikuwa nalo ulimini, alipanda nalo mlima, alilipigania kwa dada yake msimu mzima. Na katika nukta ile ile alimwona yule binti, ambaye alikutana naye mara tatu tu na mara zote alikuwa na adabu baridi ya karani wa mapokezi. Alimwona amesimama kwenye karo asubuhi, mikono imo ndani ya maji ya sabuni, anafua mashuka, anajiambia ni muhula mmoja tu. Muuguzi angepatikana kwa wiki mbili. Nyumba ya kulelea ingekuwa mbali, au ingejaa. Fundi aliijua ile njia, hatua kwa hatua, hadi mwisho wake. Hakuhitaji kusimuliwa na mtu.

Aliondoa mikono ya Mwalimu mabegani mwake, mmoja mmoja, akaishika kwa muda kidogo kabla ya kuiachia.

"Hukuniuliza jibu langu," akasema.

"Jibu gani?"

"Uliniomba kitu tukiosha vyombo. Nilisema nitakujibu hapa."

Mwalimu aliinamisha uso. "Sikuthubutu kuuliza."

"Nimefikiri miezi yote hii," Fundi akasema. Sauti yake ilitoka nyoofu hata yeye akashangaa. "Tumekuwa na furaha, sitakana. Lakini mimi nimezoea kukaa peke yangu. Dada yangu hakukubali, na sina moyo wa kumwasi. Nilikuwa nakuja kukuambia hapana. Kwa hiyo hujaniacha, Mwalimu. Usiende ukajisumbua kwa hilo."

Alikuwa amejiandaa kwa machozi yake, au kubisha, au ghadhabu. Hakujiandaa kwa kile alichokiona. Mabega ya Mwalimu yalishuka. Pumzi ndefu ikamtoka, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo baada ya safari, na kwa nukta moja, kabla uso haujakumbuka kuhuzunika, ulipumzika. Ilikuwa nukta moja tu. Lakini Fundi aliiona, akajua kwamba ataendelea kuiona.

"Hapana," Mwalimu akarudia taratibu.

"Hapana."

Walisaini daftari. Mwalimu aliandika tarehe, na Fundi akaandika herufi yake mwenyewe kwa mkono wake. Hawakupiga picha.

Kushuka kulikuwa kwa saa tatu. Mwalimu alitangulia, na kadiri walivyoshuka ndivyo ulimi wake ulivyofunguka, kwanza kwa maneno mafupi kuhusu njia, angalia hapa panateleza, shika mzizi ule, kisha akaanza kumweleza miamba, kama zamani. Alimwonyesha jabali jeusi lenye mistari myeupe akasema hapo palikuwa chini ya bahari, fikiria, bahari mahali hapa. Hakuwa na raha. Fundi alimjua vya kutosha kuona hivyo. Alikuwa tu mtu ambaye amelala macho wiki tatu na sasa anajua atalala. Fundi aliitikia penye kuitikia. Alisema kumbe. Alisema ajabu. Machozi yalimtoka mahali penye msitu mnene, njia ni nyembamba na lazima watu wafuatane, na alipofika penye uwazi alikuwa ameshajifuta kwa mkono wa koti.

Karibu na chini walikuta kijito walichokivuka asubuhi kwa kuruka mawe. Theluji iliyoyeyuka kwa jua la mchana ilikuwa imekijaza, na mawe matatu ya katikati yalikuwa yamezama. Mwalimu aliingia na viatu vyake, maji yakamfika magotini, akasimama katikati akanyoosha mkono. Fundi alimpa wake, kwa sababu maji yalikuwa mengi. Walivuka polepole, wameshikana sana, maji yanavuta miguu. Walipofika ng'ambo hakuna aliyeachia upesi.

"Fundi," Mwalimu akasema, bado amemshika. "Ile hapana. Uliiamua lini?"

"Kabla ya kuja."

"Kabla ya Jumamosi?"

Fundi aliinua macho. Katika miaka mitatu hakuwahi kumdanganya mtu huyu, hata juu ya bei ya viatu, na hakuwa na mazoezi. Alihisi masikio yake yakipata moto, alihisi kidevu kinataka kumsaliti, akajikaza kisabuni akamtazama usoni bila kupepesa.

"Kabla ya Jumamosi," akasema.

Mwalimu alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kama atazamavyo ramani ya mahali anapopajua, na Fundi akaona jambo likipita ndani ya macho yale, likasimama, likaeleweka. Alijua. Fundi aliona kwamba anajua. Na alimwona pia, waziwazi, akilichukua jambo lile alilolijua na kuliweka chini.

"Sawa," Mwalimu akasema.

Akauachia mkono wake, akakaza mkanda wa begi, akaanza kushuka. Fundi alimwacha atangulie hatua kumi. Kisha akamfuata, kwa kuwa njia ilikuwa moja, na gari lilikuwa moja.